Pezi la Wanawake

Ati pezi la wanawake. Hebu sikia hayo. Tangu lini kipande cha faiba kikawa na mume na mke? Lakini ndivyo alivyosema Wainaina, mwenyekiti wa klabu ya kupanda mawimbi, mbele ya watu wote. Alifungua sanduku la bati, akainua pezi moja jeusi, refu kama mkono wa mtu kutoka kiganja hadi kiwiko, akalishika juu kama anayeonyesha kuku sokoni.

"Wanawake watatumia hili," alisema. "Moja tu, katikati. Wanaume wataendelea na matatu."

Akalifunga sanduku, akatia kufuli, na ufunguo akaurudisha shingoni, pale unapokaa siku zote pamoja na filimbi yake. Mukonyo, mmoja wa wanawake hao, alikuwa amesimama ukingoni mwa maji na ubao wake kwapani. Alihisi hasira inampanda kutoka kwenye nyayo.

Mahali penyewe ni shimo la mawe, ukishapita Isinya ukielekea Kajiado. Nyumba nyingi za Kitengela zimetoka humo, jiwe baada ya jiwe, mpaka wachimbaji wakafika kwenye chemchemi na maji yakawafukuza. Sasa ni ziwa dogo lenye kuta za mawe pande tatu. Upande wa nne una mteremko, na hapo Metito, mwenye shamba, hunywesha mbuzi wake. Klabu ilimwomba ruhusa, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba mbuzi wakija watu watoke majini kwanza. Bahari iko mbali, na wimbi halijawahi kuonekana Kajiado tangu dunia iumbwe. Hilo halikuwazuia. Opiyo, aliyekulia ziwani Magharibi, ana boti kuukuu ya injini. Huipakia magunia ya mchanga upande mmoja mpaka ilale, kisha huizungusha ndani ya shimo lile kwa kasi, nayo huburuta nyuma yake wimbi la kufika pajani. Wao huliita wimbi la gunia. Wewe unasimama juu ya ubao, unapiga kasia kwa nguvu zako zote, unalidaka, na likikubeba unakata kona juu yake ukiweza.

Na kona ndiyo maneno yote. Chini ya ubao, nyuma kule unapoweka mguu wa kusukumia, ndipo mapezi hufungwa. Ukifunga moja refu, ubao unashika njia na hautetereki, hata mtu aliyelewa hataanguka. Lakini kugeuka haugeuki, ni kama kulazimisha lori lenye trela liingie kichochoroni. Ukifunga matatu mafupi, unabonyeza kisigino tu na ubao unaitikia. Kuna pia wanaofunga mawili, moja kila upande, katikati patupu. Hayo huteleza kama sabuni, yana mbio, na yanamtaka mtu ambaye miguu yake ina akili. Sasa waamuzi wa mashindano hawatoi alama kwa kunyooka. Hutoa kwa kona. Basi mtu akikupa pezi la kunyooka halafu akupeleke mahali panapohesabiwa kona, amekufanyia nini huyo kama si dhihaka?

Mukonyo aliijua dhihaka hiyo. Mwaka uliotangulia ndiye aliyepelekwa pwani kuiwakilisha klabu, na Wainaina huyu huyu alimfungia pezi refu kwa mkono wake mwenyewe, eti bahari ni kali. Alipanda mawimbi yote aliyopewa. Hakuanguka hata mara moja. Alishuka moja kwa moja mpaka mchangani, akarudi, akashuka tena moja kwa moja mpaka mchangani, na yule bwana wa kipaza sauti akawaambia watu kwamba mama huyu ni gari moshi, akishashika reli hatoki. Ufuo mzima ukacheka. Mukonyo naye akacheka, meno nje, kisha akaenda kwenye bafu la wageni akafungulia maji ili asisikike.

Tangu siku hiyo alikuwa na neno moja tu moyoni, arudi pale pale, akate kona mbele ya kipaza sauti kile kile. Nafasi ya mwanamke ilikuwa moja kwa kila klabu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na goti moja lililoanza kuongea wakati wa kupanda ngazi, na alijua kwamba huu ndio mwaka wake, mwingine hauna uhakika. Ana karakana kule Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, anakotengeneza bampa za matatu na paa za malori kwa faiba. Kila jioni, akimaliza bampa za watu, alikata mabaki, akayapiga msasa, akajitengenezea mapezi. Alikuwa na seti tatu nzuri, nyembamba ncha, na alizileta klabuni kwa moyo mweupe. Wainaina alizipokea, akashukuru, akazitia ndani ya sanduku, akafunga. Mali ya klabu, alisema.

Kwa hiyo siku hiyo ya pezi la wanawake, Mukonyo hakunyamaza. Aliuliza sababu. Wainaina akajibu usalama. Akauliza ni mwanamke gani aliyeumia. Wainaina akasema ni uamuzi wa kamati, na kila mtu alijua kwamba kamati ya klabu hiyo ni Wainaina na kivuli chake.

"Mwenyekiti," Mukonyo akasema, "kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe hata kwenye beseni hujawahi kusimama."

Watu wakacheka, lakini Wainaina hakucheka. Alisema mchujo wa kwenda pwani ni wiki mbili zijazo, sheria ni hiyo, na asiyeitaka geti liko wazi, hata mbuzi wa Metito wanalijua.

Mukonyo akageuka kumtafuta Deeqa. Alitegemea mtu mmoja tu amsemee, na mtu huyo alikuwa Deeqa, kwa sababu ndiye aliyemfundisha. Binti wa Asho, muuza vitambaa wa Kitengela, miaka kumi na tisa, mwepesi, mbishi, anayepanda ubao na dera lake refu, suruali ndani na ushungi umefungwa nyuma ya shingo. Alikuja klabuni hajui hata kuogelea. Mukonyo alimshika mkono majini mpaka akaelea, akamshika kiuno mpaka akasimama. Sasa Deeqa alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Alipoitwa akaenda, akalipokea pezi refu, akaanza kulifunga skrubu.

Hilo ndilo lililomuuma Mukonyo kuliko yote. Umlee mtu, umtoe kwenye maji, halafu siku ya vita aangalie vidole vyake.

Jumatatu alifunga karakana mapema akaenda dukani kwa Asho. Alikwenda kumchochea, tuseme ukweli. Mama akijua binti yake anafungiwa breki, alifikiri, atakuja juu, na wawili si mmoja. Asho alimkaribisha kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza, katikati ya majora ya kitambaa yaliyosimama mpaka darini, akamtilia chai ya maziwa yenye hiliki na tangawizi, akauliza habari za Katee, mwanawe Mukonyo, na za kazi, na za goti. Kisha akamsikiliza. Mukonyo alimwaga yote, mwaka jana na kipaza sauti, sanduku na kufuli, kamati na kivuli. Alipofika kwenye pezi la wanawake sauti yake ilikuwa imepanda mpaka mteja mmoja akarudisha kitambaa akaondoka.

Asho aliweka kikombe chini.

"Mama Katee, hilo pezi niliomba mimi."

Mukonyo alidhani hakusikia vizuri. Asho akaeleza polepole, kama anayekunja shuka. Mwezi uliopita Deeqa alianguka majini, jambo la kawaida, watu huanguka. Alipopanda juu ya ubao dera lilikuwa limemganda mwilini. Vijana wa klabu walikuwa ukingoni na simu zao. Mmoja akampiga picha, akaitupia kwenye kundi la simu la klabu, na wengine wakaandika chini yake mambo ambayo Asho hakuyarudia. Mukonyo hakuwa ameona. Mikono yake ina gundi ya faiba kutwa kucha, na simu yake ina kioo kilichopasuka. Lakini picha ilizunguka, ikafika mjini, ikafika kwa mpwa wake Asho, na mpwa akaileta dukani. Kullow, babake Deeqa, alikuwa safarini na ng'ombe, hajui kitu. Akijua, hakutakuwa na ubao tena, wala mjadala.

"Sikutaka kumkataza," Asho alisema. "Anaipenda ile kitu sana. Nilienda kwa mwenyekiti nikamwambia, fanya vile utafanya, lakini huyu msichana asianguke tena mbele ya watu. Akaniambia iko pezi haiangushi mtu. Akasema atawapea wanawake wote, ndio asionekane ni yeye pekee."

 Kwa kitambo Mukonyo alimwonea Wainaina huruma, mzee wa watu, kumbe alikuwa amebeba siri ya mtu mwingine. Huruma hiyo haikudumu. Alipoipindua ile habari upande wa pili, hasira ilirudi ikiwa na ndugu zake. Maana hebu pima mwenyewe. Wavulana ndio waliopiga picha. Wavulana ndio walioandika uchafu. Kisha mtu mzima, mwenyekiti, mwenye filimbi, akaketi akafikiri, na dawa aliyoiona ni kumfunga breki msichana. Na si huyo tu, na wanawake wengine wote waliokuwa wamejikalia. Wale vijana hakuna aliyewaambia hata shika adabu. Waliendelea na mapezi yao matatu.

"Fisi ameingia zizini," akamwambia Asho, "na nyinyi mmemfunga mbuzi."

Asho alikasirika kidogo, na alikuwa na haki. Alisema ni rahisi kwa mtu ambaye picha si ya mtoto wake. Mukonyo akamwambia asiyeanguka hajifunzi. Asho akamjibu kwamba anayeanguka hupigwa picha. Wakatazamana. Chai ikapoa.

Mwisho Mukonyo alikuja na swali la kifundi. Aliuliza ni kitambaa gani kikilowa hakigandi mwilini. Asho akamwangalia, na ile sura ya mama mwenye huzuni ikaondoka, ikabaki ya mfanyabiashara. Akaleta beseni la maji. Walikata vipande, wakavilowesha kimoja kimoja, wakavipiga mkononi kuona kipi kinang'ang'ania ngozi na kipi kinaachia. Cha dera kilishika kama plasta. Cha sare za shule kilikuwa afadhali, lakini kizito, kitamzamisha mtoto. Cha makoti ya mvua, kikitiwa bitana nyepesi, kilikataa maji kabisa, yaliteremka yakaenda zake. Asho akakizungusha mkononi mara nyingi, akakivuta, akakinusa. Akasema rangi atachagua Deeqa mwenyewe.

"Na simu?" akauliza.

"Simu niachie mimi," Mukonyo akasema.

Siku ya mchujo Mukonyo aliwahi kufika na pikapu yake. Metito alikuwa kwenye mteremko na mbuzi, wakasalimiana kwa Kimaasai, supa, ipa, akamwambia ameona mama mmoja ameketi kule na kiti chake cha plastiki. Alikuwa Asho. Alikuwa amefunga duka siku ya Jumamosi, jambo ambalo Kitengela haijapata kuliona. Waamuzi wawili walikuwa wamekuja kutoka klabu ya Ngong, wageni wasiojua lolote. Vijana walikuwa wamekwishajipanga ukingoni, simu mkononi, wengine wamezifunga kwenye vijiti.

Wainaina alipofungua sanduku ili agawe mapezi, Mukonyo aliliinamia, akayatoa yote, yale yake na ya klabu, akayapanga juu ya turubai mbele ya watu. Sanduku likabaki tupu. Akaligonga kwa kiganja.

"Humu leo zinaingia simu," alisema. "Za kila mtu. Mapezi yanabaki nje, na kila mtu atachagua yake, awe na ndevu awe hana."

Wainaina aliuliza kwa mamlaka ya nani. Akataja sheria. Akamsogelea akamnong'oneza kwamba kuna mambo asiyoyajua, ya heshima ya familia ya mtu, asiyachimbe. Mukonyo hakunong'ona. Alisema anayajua yote, na kwamba heshima ya familia haikuharibiwa na pezi. Iliharibiwa na kidole cha mtu fulani aliyesimama hapo hapo ukingoni, na mtu huyo hajafungiwa kitu chochote mpaka leo. Aliyasema hayo akiwaangalia vijana mmoja mmoja. Wawili walianza kutazama mbuzi.

Wainaina akaona heri amalize mambo. Akampungia Opiyo mkono awashe boti. Opiyo alikuwa amekaa juu ya magunia yake ya mchanga, mikono kifuani.

"Haiwaki, mwenyekiti," alisema. "Leo iko na shida. Inaogopa kamera."

Watu waliangua kicheko, na katikati ya kicheko hicho Asho aliinuka kwenye kiti chake. Alipita kati ya vijana bila kumgusa mtu, akatoa simu yake kwenye mkoba, akaiweka ndani ya sanduku. Iligonga bati kwa kishindo. Hakurudi kukaa. Alisimama pale pale akingoja, na kila kijana alilazimika kuinama mbele yake ili aweke ya kwake. Sijui kama kuna adhabu ngumu kuliko hiyo. Waamuzi wa Ngong wakaweka zao wakidhani ni desturi ya klabu. Wa mwisho alikuwa Wainaina. Mukonyo ndiye aliyetia kufuli, na ufunguo akabaki nao yeye.

Basi alikuwa ameshinda. Moyo wake ulikuwa mwepesi. Alichagua mapezi yake matatu ya mabaki ya bampa, akayafunga, akakaza skrubu kwa bisibisi yake, ile ndogo ya mpini mwekundu ambayo hajawahi kumwazima mtu. Kisha akamwita Deeqa aje achukue seti ya pili iliyofanana na hiyo. Deeqa alikuwa amevaa kanzu yake mpya ya kitambaa cha koti, rangi ya machungwa, inaonekana kutoka Kajiado. Alipiga magoti mbele ya turubai, akayapima mapezi kiganjani, akachukua mawili. Mawili tu. Katikati akapaacha patupu.

Mukonyo alimwambia amesahau moja. Deeqa akasema hajasahau. Mukonyo akamweleza, kwa upole ambao ulimgharimu, kwamba mawili yatamtupa, hajawahi kuyazoea, kwamba hii siyo siku ya majaribio, kwamba watu hawajagombana asubuhi yote ili yeye aje kujiangusha. Deeqa akaendelea kukaza skrubu. Akasema yeye ni mwepesi, Anti, matatu yanamshika sana, tena wimbi la gunia ni dogo, linataka mbio. Mukonyo akauliza ni nani amemwambia hayo.

"Si umesema kila mtu achague?" Deeqa akauliza. "Ama ulimaanisha kila mtu achague yako?"

Haya sasa. Mtoto huyo!  Mukonyo akaubeba ubao wake akaenda majini akinung'unika kwa Kikamba, maneno ambayo hapa hatutayaandika.

Kila mmoja alipewa mawimbi manne. Mukonyo alitangulia, na tusimnyime haki yake, hajawahi kupanda vile. Boti ilipita imelala ubavu, wimbi likainuka nyuma yake, akapiga kasia, likambeba. Akabonyeza kisigino na ubao ukageuka. Hivyo tu. Ule mwaka mzima wa msasa na vumbi ukageuka naye. Akapanda juu ya wimbi, akakata, akashuka, akakata tena upande wa pili, goti likalia, akalipuuza. Ukingoni watu walipiga makofi, kwa sababu mikono yote ilikuwa mitupu. Alipomaliza la nne alijua kwamba kona zile angeweza kuzipeleka mbele ya kipaza sauti chochote.

Wanawake wengine wawili walifuata, wakafanya vizuri, si vizuri sana. Kisha Deeqa. Wimbi la kwanza lilimtupa kabla hajanyooka. Alizama akatoka, na ukingo mzima ukamtazama mamake. Ile kanzu ya machungwa ilimwaga maji, ikatulia mahali pake. Deeqa akakohoa, akapanda, akainua kasia juu kuashiria yuko tayari. La pili akaanguka tena, mbaya zaidi, kichwa mbele. Mukonyo akasema kwa sauti, si nilisema. Aliisikia sauti yake mwenyewe na kujua kwamba ilikuwa na furaha ndani yake, akaona haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

La tatu likamkubali. Ubao uliteleza mbele ya wimbi kwa mbio ambazo shimo lile halijaziona, mkia ukaachia, ukashika, ukaachia, na yeye juu yake amelegea magoti kama mtu anayecheza harusini. Kona haikuwa moja, zilifuatana. La nne likawa zaidi. Alilipanda mpaka mwisho, mpaka maji yakalala, na hata hapo akazunguka mara moja bila sababu. Opiyo alizima injini ili aone vizuri. Asho alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya ushungi.

Waamuzi hawakuchukua muda. Yalikuwa yakihesabiwa mawimbi mawili bora ya kila mtu, kwa hiyo kule kuanguka hakukuhesabiwa. Nafasi ya mwanamke ilikwenda kwa Deeqa.

Mukonyo alimpigia makofi. Alimkumbatia akiwa amelowa vile vile. Kisha akaenda nyuma ya pikapu, mahali pasipo na mtu, akalipiga teke gurudumu, kwa mguu wa goti bovu, akaumia, akakasirika zaidi. Alimkasirikia Deeqa, mwenye shukrani ya punda. Aliyakasirikia yale mapezi mawili, na ni yeye aliyeyatengeneza, yeye aliyeyapiga msasa mpaka ncha ikawa kama jani. Alijikasirikia mwenyewe kuliko wote.

Hapo ndipo Wainaina alipomkuta. Hakuja kwa ubaya, pengine. Alisimama akichezea filimbi.

"Mama Katee, si ungekubali tu lile refu?" alisema. "Kwa lile refu hakuna wa kukuweza. Una miaka juu ya maji. Saa hii nafasi ni yako."

Na ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililouma, kwamba ilikuwa kweli na kila mtu ukingoni alikuwa ameshaifanya hesabu hiyo. Wanawake wote wangepewa breki, na kati ya wenye breki mzoefu ndiye hushinda. Angekuwa anafunga mizigo ya kwenda pwani. Mukonyo alimtazama mpaka akaacha kuchezea filimbi.

"Ningeenda," alisema. "Na ningeshuka moja kwa moja mpaka mchangani, kama mwaka jana. Ni hivyo unanitakia, mwenyekiti?"

 Wainaina aliomba ufunguo wake. Mukonyo akampa, wakaenda kufungua sanduku, watu wakachukua simu zao, na kila kijana aliitia yake mfukoni moja kwa moja. Sanduku lilipobaki tupu Wainaina akainama, kwa mazoea tu, akaanza kuyakusanya mapezi kwenye turubai ili ayarudishe ndani. Deeqa alikuwa ameketi pale akijikausha. Akaweka mguu wake juu ya ukingo wa turubai.

"Hapo ziko sawa, mwenyekiti," alisema.

Wainaina aliutazama ule mguu. Akamtazama Asho, ambaye alikuwa anakunja kiti chake bila haraka. Akainuka, akalibeba sanduku tupu peke yake mpaka kwenye gari lake.

Mukonyo aliwarudisha mama na binti Kitengela kwa pikapu, watatu mbele. Mpaka Isinya alikuwa bado anasema. Alisema bahari si shimo la mawe, kwamba wimbi la pwani lina uzito, kwamba mawili yatamwachia juu ya mwamba, kwamba yeye ameshakwenda huko na anapajua, afunge matatu, ni neno la mtu anayemtakia mema. Asho alitazama barabara. Deeqa alisikiliza kila neno, kwa heshima, mpaka mwisho.

"Anti, kwa hayo mawili, kitanda usichokilalia," alisema, na hakumalizia.

Mukonyo alinuna. Alinuna mpaka Kitengela, akanuna mbele ya duka la Asho, akanuna akishusha ubao. Walipokuwa wanaagana alitia mkono mfukoni, akatoa ile bisibisi ya mpini mwekundu, akamsukumia Deeqa kiganjani kama mtu anayelipa faini.

"Kaza vizuri," alisema. "Mawili yakilegea hakuna la tatu la kukushika."